RANGI NA VIFAA VISIVYO VYA KAWAIDA KATIKA KUPIGA CHAPA KWA LINO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwisho wa mwezi)



Halmashauri imenitaka niseme mbele yenu juu ya kazi ya kupiga chapa kwa lino, na hasa juu ya jambo moja lililozua maneno mengi katika mikutano yetu miwili iliyopita: je, darasa letu la Jumamosi liagize rangi na wino kutoka ng'ambo, kama ilivyoandikwa katika makadirio ya fedha, au lianze na vitu vilivyopo hapa? Wako waliosema ya kwamba kazi nzuri haifanywi kwa vitu vya kuokoteza, na ya kwamba watoto wetu wataaibika siku ya maonyesho. Wako waliosema ya kwamba kila rangi ni rangi, kwa hiyo isitoke hata senti moja. Mimi sikubaliani na hawa wala wale, na nitaeleza sababu zangu, kisha mtapiga kura.

Yafaa kwanza tujue lino ni kitu gani, kwa maana wengi huitaja bila kuijua. Ni kile kitandiko cha sakafu kilichobuniwa huko Uingereza na Frederick Walton katika miaka ya 1860. Mafuta ya kitani yakiachwa hewani hushika utando mgumu wenye kunyumbuka, mfano wa ngozi. Kila aliyewahi kufungua kopo la rangi ya mafuta lililokaa siku nyingi ameuona. Walton aliyachukua mafuta yaliyoganda namna hiyo, akayachanganya na utomvu wa miti na unga wa gome lile litoalo vizibo vya chupa, akaushindilia mchanganyiko huo juu ya kitambaa cha gunia. Jina lenyewe limetoka katika maneno mawili ya Kilatini, moja maana yake kitani na la pili mafuta. Basi lino ni mafuta yaliyokauka. Neno hilo naomba mliweke akilini, kwa sababu karibu yote nitakayosema baadaye yanalitegemea.

Kitu hicho hakikuundwa ili watu wachonge picha. Kiliundwa kikanyagwe kwa viatu. Mafundi wa kuchonga mbao walikidharau, nao walikuwa na sababu, kwa kuwa mbao ngumu huchukua mstari mwembamba kama unywele na lino haiuchukui. Walakini lino haina nyuzi kama mbao. Kisu huenda upande wowote bila kupasua, na mkono wa mtoto waweza kukiendesha. Mwalimu mmoja wa Vienna, Franz Cižek, aliwapa watoto vipande vya lino wachonge, na kazi zao zikasifiwa nchi nyingi. Kisha akaja Claude Flight, aliyeanza kufundisha katika chuo cha Grosvenor mjini London mwaka 1926, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya kazi hii. Bwana huyo alitaka picha ya lino iuzwe kwa bei ambayo mtu wa kawaida hulipa akienda kutazama sinema, ili isiwe mali ya matajiri. Wanafunzi wake hawakuwa na haja ya kununua visu vya gharama. Aliwaonyesha jinsi ubavu wa mwavuli mbovu, ule wenye mfereji ndani, unavyoweza kunolewa ncha na kutiwa mpini ukawa patasi nzuri. Wala hawakuhitaji mashine ya kuchapia. Waliweka karatasi nyembamba juu ya kibao chenye wino, wakaisugua kwa mkono.

Basi yeyote asemaye ya kuwa lino ndicho kifaa cha heshima, na vinginevyo ni takataka, akumbuke ya kwamba lino yenyewe iliingia katika sanaa kwa mlango wa nyuma, na visu vyake vilitoka katika miavuli.

Sasa nije kwetu sisi makarani. Hapana mtu katika chumba hiki ambaye si mpiga chapa. Mhuri wa mpira uliopo juu ya meza yako ni kibao cha lino kwa jina jingine: palipochongwa hapashiki wino, palipobaki juu hushika, na herufi zake zimekaa kinyume ili zisomeke sawa juu ya barua. Hili la herufi kukaa kinyume huwashinda wanafunzi kuliko jambo lolote, na dawa yake tunayo maofisini. Mnajua aibu ya mpiga taipu aliyeweka karatasi ya kaboni juu chini: anapotoa barua huona nakala haipo, ila nyuma ya barua yenyewe yote imeandikwa kinyume kama katika kioo. Fanya hivyo kwa makusudi. Chora picha na maneno yako, huku kaboni imeelekea juu chini ya karatasi yako. Geuza karatasi, nawe una picha ya kinyume tayari. Weka kaboni ya pili ikiielekea lino, uifuate mistari hiyo kwa kalamu ngumu, kisha chonga. John Muafangejo, mzaliwa wa Angola aliyeishi Namibia (1943 hadi 1987), alichonga maneno marefu ndani ya picha zake za lino, nyeusi na nyeupe, hata picha nyingine husomwa kama barua. Nawaambia makarani wenzangu, kazi ile ni ya watu wa kalamu.

Tuje kwenye wino, maana ndipo penye ugomvi. Wino wa kupigia chapa kwa kibao hutakiwa kukaa juu ya lino bila kutelemka mifereyini. Hutakiwa kunata kiasi, lakini uiachie lino na kuishika karatasi. Na baada ya hapo hutakiwa kukauka. Vitu vingi hutimiza moja au mbili katika hayo. Vichache hutimiza yote, na hapo ndipo walipokosea wale wasemao kila rangi ni rangi.

Chukua wino wa kalamu. Huo ni maji yaliyotiwa rangi, hauna unene. Lino, kwa kuwa ni mafuta, huukataa. Hujikusanya matone matone kama maji juu ya jani la mgomba. Wino wa mhuri nao ni mwembamba, ila umetiwa kitu cha kuuzuia usikauke juu ya kitambaa chake. Utapata chapa hafifu kwa kibao kidogo, na kwa kibao kikubwa utapata madoa. Wino wa stensili, huu unaolipiga gazeti letu, ni bora kuliko hao wawili. Una mafuta na una weusi. Lakini uliundwa usikauke ndani ya mashine. Hukauka kwa kunywewa na karatasi. Kwa hiyo juu ya karatasi yetu ya stensili, ambayo hunywa sana, wafaa kabisa ukipakwa kidogo kidogo; juu ya karatasi ngumu inayong'aa utakuchafua vidole hata mwezi ujao. Chama kikitaka picha ya jalada kwa gazeti, hakina haja ya wino mwingine.

Rangi ya nyumba, ile ya mafuta ya kupaka milango, huwadanganya wengi kwa kuwa ni nyeusi sana na hukauka ngumu. Ni nyepesi mno, hutiririka na kujaza mifereji, na ukichelewa kuisafisha imekwisha kukauka humo na kibao chako kimekuwa sahani. Yaweza kusaidiwa: imimine juu ya kadibodi, uiache kadibodi inywe mafuta yake muda wa saa moja, kisha ikusanye kwa kisu, itakuwa nzito na yenye adabu. Dawa hiyo hiyo huzifaa rangi za mafuta za wachoraji zitokazo katika bomba, ambazo zikipigwa vivi hivi huacha duara la mafuta kuzunguka kila mstari. Rangi za siku hizi za akriliki, zioshwazo kwa maji, zina kasoro iliyo kinyume: hukauka juu ya rola kabla hujafika kwenye karatasi, hasa kwa joto letu hili. Tone la gliserini huzichelewesha, na karatasi iliyoloweshwa kidogo husaidia. Dawa ya viatu nimeijaribu pia, kwa kuwa mwanachama mmoja aliniapia ya kuwa ni nzuri. Ni nta, hutoa weusi mzuri wa kupendeza macho, na haikauki kamwe. Aiweke kwa viatu.

Wino wa masizi ndio nitakaoukalia, kwa sababu ni wa zamani kuliko wote na ni wetu. Wapiga vitabu wa Ulaya waliupika wino wao kwa vitu viwili, masizi na mafuta ya kitani yaliyochemshwa hata yakawa mazito kama asali. Masizi tunayo kila palipo na kibatari. Weka sahani ya bati juu ya mwali, ikusanye, chekecha kwa kitambaa, kisha saga juu ya kipande cha kioo pamoja na mafuta kwa kisu kipana, na usichoke upesi. Kusaga ndiko kunakoleta ung'avu. Swali ni mafuta gani. Watu wa pwani wataniambia, mafuta ya nazi tunayo, ya nini kuagiza kitani? Tazameni karatasi hizi mbili. Zimepigwa kwa kibao kimoja, siku moja, kwa masizi ya kibatari kimoja. Hii ya kwanza ni ya mafuta ya kitani. Isugueni kwa kidole, haitoki. Hii ya pili ni ya mafuta ya nazi, na tangu siku ile haijakauka. Mafuta yametambaa kandokando mpaka picha imevaa kanzu ya manjano, na masizi yanatoka kama vumbi. Mafuta hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Mafuta ya kitani huingiliwa na hewa, nayo hugeuka kuwa kitu kigumu, jambo lile lile aliloliona Walton. Mafuta ya nazi hayana tabia hiyo, wala ya mbarika kama yalivyo. Mafuta ya ufuta na ya alizeti yana kidogo. Hukauka polepole na si kwa ukamilifu. Hapo basi pana kitu kimoja ambacho hatuwezi kukibadilisha kwa kingine kwa sababu tu kipo karibu, nami nasema kinunuliwe.

Lakini tabia hiyo ya mafuta ya kitani ina hatari, na kwa kuwa darasa letu lina watoto sitaipita. Kitambaa kilichofutia mafuta hayo, kikikunjwa na kutupwa kapuni, hupata joto chenyewe kwa sababu ya hewa ile inayokiingia, na chaweza kuwaka moto usiku bila mtu kukigusa. Vitambaa vyote vianikwe vikiwa vimetandazwa nje, au vitiwe katika ndoo ya maji.

Asiyetaka mafuta anayo njia ya Wajapani. Wao kwa mamia ya miaka walipiga picha zao kwa mbao, wakitumia rangi ya maji na uji wa wali uliosagwa laini. Uji huipa rangi unene na kuifanya ishike. Sisi tuna unga wa ngano na wa mchele katika kila nyumba. Lino, kama nilivyosema, hukataa maji, kwa hiyo isugueni kwanza kwa msasa laini mpaka ung'avu wake uondoke. Kisha rangi ipakwe kwa brashi na karatasi iwe na unyevu. Picha haitakuwa na weusi mzito wa mafuta, itakuwa na ulaini kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, na kwa picha za bahari na mawingu mimi huipenda zaidi.

Katika rangi za kutiwa humo mjue kuchagua. Udongo mwekundu, ule wa ngeu, ni kutu ya chuma na haupauki. Uchekecheni na kuusaga vizuri. Buluu ya zamani ya kufulia nguo ilikuwa rangi imara iitwayo ultramarini, haiogopi jua ila huuawa na siki na ndimu. Manjano ya jikoni ni mazuri siku ya kwanza, nayo yakitundikwa ukutani penye mwanga hufifia upesi. Maji ya magome ya mkoko, yachovyayo nyavu na ngozi, hutoa wekundu wa hudhurungi, lakini hiyo ni rangi ya kuzama ndani ya kitambaa, haina chembe. Bila uji mzito haikai juu ya kibao. Oili chafu ya motakaa, ambayo bwana mmoja alipendekeza kwa kuwa ni nyeusi na ni bure, isiingie darasani kabisa: haikauki, na ni sumu kwa ngozi.

Nimesema hadi hapa juu ya vitu vya badala, yaani vitu tunavyotumia kwa kukosa vile vya duka. Kama habari ingeishia hapo, nisingekubali kupoteza jioni yenu. Iko namna nyingine, ambayo kitu kigeni hakiji kuiga kile cha kawaida, bali hufanya jambo ambalo kile cha kawaida hakiwezi.

Mfano wa kwanza ni kostiki soda, ile ipikiayo sabuni. Sabuni ni nini? Ni mafuta yaliyokutana na kostiki soda. Na lino ni nini? Bila shaka mmekwisha kunitangulia. Ukifunika sehemu ya lino kwa nta au kwa vanishi, ukaipaka sehemu iliyo wazi maji mazito ya kostiki soda, uso wa lino hugeuka polepole kuwa sabuni, nawe baada ya saa kadhaa huusugua kwa brashi na maji ukatoka. Kinachobaki si mfereji wa kisu. Ni uso wenye vinyweleo na mikwaruzo midogo, unaopiga chapa ya kijivu kama ukungu, au kama ukuta wa matumbawe ulioliwa na mvua. Hakuna kisu kitakachokupa hayo. Ifanywe na mtu mzima, nje, mwenye glovu na miwani. Soda itiwe ndani ya maji, maji yasimiminwe juu ya soda. Na ikirukia mwili, paoshwe kwa maji mengi mara moja.

Mfano wa pili ni wa Pablo Picasso, aliyekuwa na fedha za kununua wino wowote duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa kusini mwa Ufaransa, alipiga vibao vyake vya lino kwa wino mweupe wa mafuta juu ya karatasi nyeupe, hata kitu kisionekane. Kisha akaipaka karatasi yote wino mweusi wa Kichina, ule wa wachora ramani, na kuiosha kwa maji. Penye mafuta weusi ulitoka. Pasipo na mafuta ulikaa. Picha ikatokea yenye mawimbi na michirizi ambayo hakuna aliyeichonga. Wenzetu wa ofisi za upimaji wino huo wanao mezani.

Wa tatu ndiye ninayempenda kuliko wote. Bruce Onobrakpeya, Mnijeria aliyezaliwa mwaka 1932 huko Agbarha-Otor, alisoma sanaa katika chuo cha Zaria na kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa shule mjini Lagos, mtu wa mshahara kama sisi. Mwaka 1967 vibao vyake viliharibiwa na asidi ya haidrokloriki. Mtu mwingine angevitupa. Yeye alivitengeneza kwa gundi ya epoksi, ile ishikayo chuma, na alipoona gundi imekauka ngumu juu yake alitambua ya kuwa hakuwa na kibao kilichotibiwa tu, bali alikuwa na kibao cha namna mpya: gundi yaweza kuinuliwa, kuchongwa na kukwaruzwa, na karatasi nene yenye unyevu ikishindiliwa juu yake hutoka na picha iliyoinuka, ya kuguswa kwa vidole kama nakshi ya mlango. Njia hiyo aliikuza miaka na miaka, akaiita plastografu, na ndiyo iliyomjulisha mbali. Katika siku hizo hizo alifanya pia kazi nyingine ambazo kibao chenyewe cha lino, badala ya kufichwa baada ya kuchapa, hutiwa gundi na rangi ya shaba kikatundikwa ukutani. Mambo hayo hayamo katika orodha ya duka lolote.

Na kama lino yenyewe haipatikani, liko boksi. Huko Windhoek, katika kituo cha sanaa kilichopewa jina la yule Muafangejo niliyemtaja, wanafunzi wengi walichonga kadibodi, kwa kuwa lino ni ghali. Uso wa juu wa kadibodi hukatwa kwa wembe na kubanduliwa, na yale mawimbi ya ndani hutoa mistari ya kijivu ambayo lino haina. Na huko Havana, katika kisiwa cha Kuba, Belkis Ayón (1967 hadi 1999), ambaye picha zake zinahusu chama cha siri cha Abakuá chenye asili ya Afrika, alibandika juu ya kadibodi karatasi za namna namna, na vitu vilaini na vya kukwaruza, akapaka wino na kupiga picha ndefu kuliko mtu, za karatasi zilizounganishwa. Mwaka 1990 na kitu nchi ile ilikuwa katika dhiki kubwa, na vifaa vilikuwa adimu. Ukizitazama picha zake huoni dhiki. Waona weusi wa kila aina, mweusi wa mahameli, mweusi wa mkaa, mweusi wa maji usiku. Weusi ule umetokana na kadibodi. Kwa shaba au lino ungekuwa mwingine. Kadibodi yetu ipakwe vanishi au gundi ya mbao kabla ya wino, la sivyo italegea katika chapa ya tano au ya sita.

Mpira wa ndani wa gurudumu nao ukatwe kwa mkasi na kubandikwa juu ya ubao. Ni kibao cha dakika kumi, kinachowafaa watoto wadogo ambao hatutaki kuwapa visu. Soli ya kandambili vilevile.

Kwa hayo yote, Bwana Mwenyekiti, naleta pendekezo hili juu ya fungu la vifaa. Ile orodha ya rangi kumi na mbili za kopo kutoka ng'ambo ifutwe. Kinunuliwe kopo kimoja tu cha wino mweusi halisi wa kupigia chapa, ili wanafunzi wajue kipimo. Mtu asiyewahi kuona wino mzuri hawezi kuhukumu wa kwake. Yanunuliwe mafuta ya kitani ya kutosha, rola mbili za mpira, na visu vya chuma kizuri, maana katika visu mimi sina huruma: kisu butu huteleza, na kikiteleza hukata mkono. Miavuli mibovu wanachama wailete. Lino inunuliwe kidogo, kwa ajili ya wakubwa waliokwisha kuchonga kadibodi mara tatu. Fedha zitakazobaki zitumike kwa karatasi, kwa sababu katika kazi hii karatasi mbaya huharibu wino mwema, na hakuna mbadala wake niliyeupata mpaka leo.

Na kila mwanafunzi awe na daftari. Aandike tarehe, mafuta gani, masizi kiasi gani, karatasi gani, siku ngapi hata ikakauka. Makarani wote hapa wanajua kutunza rejista. Tuwafundishe watoto kutunza hii. Asiyeandika atagundua kitu kizuri Jumamosi moja, na Jumamosi ya pili hatakipata tena.

Juu ya hofu ya siku ya maonyesho, naomba wale mabwana wavitazame vibao vilivyopo juu ya meza ile ya dirishani kabla ya kupiga kura. Kimoja ni lino, kimoja kadibodi, kimoja mpira wa baiskeli, na chapa za kila kimoja zimetundikwa juu yake bila jina. Kila mtu aandike katika karatasi ni ipi anayodhani imetokana na kipi, nami nitayasoma majibu baada ya chai. Wino uliopo juu ya kioo ni wa masizi, niliusaga leo saa nane, na haujakauka. Apendaye kujaribu mwenyewe aje, ila akunje mikono ya shati.